Mgomba Tuliouvika Koti

Aika mwanangu,

Umetoka asubuhi kwenda Mwika kumuaga shangazi yako, na hutarudi kabla ya jioni, maana shangazi yako hajawahi kumwachia mtu atoke kwake bila kula mara mbili. Mama yako yuko Kiboriloni anakutafutia soksi nzito, utadhani Uingereza watu wanatembea peku. Nimebaki na ng'ombe, na huyu ng'ombe leo analia tangu saa tatu. Nimempa majani, nimempa maji, bado analia, basi nimemwacha alie. Nimefukuza kuku sebuleni, nimevaa miwani, nimeketi. Mwandiko ukikushinda, lawama zipeleke kwa vidole, vimezoea panga kuliko kalamu.

Mambo ya baridi, pasipoti, na nani wa kumpigia ukifika, mama yako kakuambia mpaka mwenyewe kachoka. Mchungaji kakuombea. Huko mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka ishirini na miwili. Nilitaka nikuambie kwa mdomo. Juzi nilikufuata jikoni mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kuomba chai. Mimi ni mwoga, Aika, ndiyo maana naandika.

Jumapili, ukoo ulipokuja kukuaga, Mzee Ndekirwa alisimama na kata yake ya pombe ya mbege, akakubariki vizuri tu, halafu akamalizia hivi: "Nenda mwanetu, kazi za watu uzifanye kwa moyo. Usije ukawa kama Kundaeli, mtu wa kutupa mzigo njiani na kutoroka." Watu wakaguna. Wewe ukainamisha kichwa, ukajibu, "Sitatupa, babu." Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwako. Mtu wa kusimama na kusema, "Mzee, nyamaza," nilikuwa mimi. Kweli nilisimama. Nilikwenda kumwongezea mbege.

Baba yako mzazi hakutupa mzigo. Hakutoroka. Hiyo ndiyo barua yote, na ukitaka unaweza kuikunja hapo ukalala. Ila najua utauliza nimejuaje, na ni nani basi aliyeanza kusema kwamba alitoroka. Aliyeanza kusema ni mimi.

Nianze mbali kidogo, unisamehe, wazee ndivyo tulivyo. Kuna neno la Kiingereza unalipenda. Kila ukifungua simu kwenye kundi la familia unaandika, "Hi guys, mmeamkaje?" Shangazi yako alinipigia siku moja akauliza, "Hivi hawa gaizi ni akina nani, na mimi nimo?" Tulicheka wote. Lakini neno hilo hukulipata shuleni, mwanangu. Ni mimi niliyelileta humu ndani, nikalitoa mlimani.

Nilikuwa kiongozi wa watalii miaka kumi na tisa, hilo unalijua. Chini yangu walikuwa wagumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi, na jina lenyewe wamelistahili. Mara watu kumi na mmoja, mara ishirini. Kwa wageni nilijifanya Mwingereza: "These are my guys." Asubuhi kambini nilipiga makofi, nikaita, "Guys, mpo?" Wao wote kwa pamoja, "Tupo!" "Mko fiti?" "Fiti!" Basi, tunaondoka. Wageni walipenda sana, walichukua video. Mimi nami nilijiona bonge la kiongozi. Nilidhani hata neno lenyewe limetokana na zile kamba za kukazia hema, maana nazo zina jina la namna hiyo, nikajisemea kwamba wagumu ni watu wa kushikilia hema lisianguke. Usicheke. Nimeishia darasa la saba.

Sikia sasa jinsi "Guys, mpo?" inavyofanya kazi. Watu kumi na mmoja wakiitika "Tupo!", unasikia sauti kubwa. Watu tisa wakiitika, unasikia sauti kubwa ileile. Hakuna hata mmoja ambaye ameulizwa yeye. Na aliyekosekana hawezi kujibu kwamba hayupo.

Baba yako, mdogo wangu wa kunifuata, alikuwa mtu wa kucheka. Nikikumbuka sauti yake nakumbuka besi ya kwaya. Mama aliyekuzaa alipofariki ukiwa na miezi minne, watu walidhani Kundaeli atakupeleka kwa bibi yako na kwenda Dar kama vijana wengine. Wapi! Alikufunga mgongoni kwa kanga, mwanamume mzima, akawa anapita na wewe barabarani saa za kutoka kanisani. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mikono. Yeye akasema, "Waacheni wacheke, wana meno." Alikuwa na kahawa kidogo na migomba, havikutosha, ndipo nikamwambia aje mlimani kwangu. Alikuja kwa sababu yako.

Mwaka ule walikuwa wameanza kukagua wagumu getini. Askari wa hifadhi anataka kuona koti la maana, viatu, begi la kulalia. Watu wangu hawakuwa navyo, na mimi nilikuwa na koti moja zuri, la bluu, zito, nililoachiwa na mgeni. Tukabuni ujanja wetu. Mgumu wa kwanza analivaa, anakaguliwa, anapita. Nyuma ya choo analivua, msaidizi wangu analisokomeza kwenye mfuko wa mikate na kulirudisha, wa pili analivaa. Siku ile koti lilipita geti mara tano. Tulicheka, Aika. Nakuapia tulicheka kama watoto walioiba miwa. Viongozi wengine walikuwa wakifanya hivyohivyo, nami nilijiona mjanja zaidi kwa sababu koti langu lilikuwa zuri kuliko ya kwao.

Wa mwisho kulivaa alikuwa Kundaeli. Alipopita geti hakutaka kulivua. Akaniambia, "Kaka, niachie hili. Leo mlima umenuna." Nikamwambia, "Hilo ni la kileleni, acha utoto." La kileleni maana yake langu. Akalivua, akalikunja vizuri, akanipa. Chini alibaki na sweta la pamba lililofumwa na bibi yako na koti la mvua la plastiki lililochanika kwapani.

Mvua ilitupiga siku mbili, na usiku wa pili ikageuka theluji. Asubuhi ya tatu tuko juu kabisa ya msitu, kwenye lile tambarare la mawe, nikamkuta mdogo wangu amekaa juu ya mzigo wake, midomo imekuwa ya kijivu, anakohoa kikohozi cha maji. Nilijua ni nini. Kila kiongozi anajua. Mtu wa namna hiyo anashushwa mara moja, na hashushwi peke yake, anapewa mtu wa kwenda naye. Sheria hiyo nilikuwa nikiwafundisha wengine.

Lakini nikitoa mtu, mizigo miwili inabaki, wageni wanachelewa, nami naonekana kiongozi asiyejipanga. Nikamwambia, "Shuka." Akasema, "Nipe mtu mmoja, kaka, anifikishe msituni tu." Nikasema, "Kwani njia huijui? Wewe mtoto?" Akajikunja ndani ya sweta lake. Kisha akasema, "Basi nipe lile koti." Koti lilikuwa kwenye begi langu, mgongoni kwangu, hatua moja kutoka alipokuwa. Nikamjibu kile tunachomjibu kila mgonjwa mlimani: "Kila hatua ya kushuka ni joto. Utapata joto njiani." Na ni kweli, Aika. Ndicho kinachoniumiza, kwamba nilimwambia jambo la kweli.

Alicheka kidogo. Akasema, "Haya, bosi." Maishani hakuwahi kuniita bosi. Akauegemeza mzigo wake kwenye jiwe, akaufunika kwa plastiki usilowane, akaondoka. Sikumwangalia anavyokwenda. Niliwageukia wengine, nikapiga makofi. "Guys, mpo?" "Tupo!" Tukagawana mzigo wake, tukapanda.

Kwenye daftari langu niliandika "K. kashuka." Siku tatu baadaye nilifika kileleni nimevaa koti la bluu. Nina picha yake. Ile iliyokuwa ukutani hapo juu ya redio, ukaniuliza mwaka jana kwa nini nimeiondoa, nikasema imeingia mchwa. Haikuingia mchwa.

Tulipotokea geti la kushukia, simu ikapata mtandao, nikasikia sauti ya mama yako, huyu aliyekulea: "Kunda yuko na wewe? Mtoto anamlilia." Mtoto ni wewe. Ulikuwa na miaka miwili.

Tulimtafuta wiki mbili. Askari wa hifadhi, wanaume wa ukoo, vijana wa kwaya yake. Ukungu ulikuwa mzito hata mtu wa mbele humwoni. Tulipata kikombe chake cha bati, kando ya njia ambayo si njia, upande wa bonde. Basi. Hatukupata kingine mpaka leo.

Siku ya nne ya kutafuta niliitwa ofisini. Afisa alikuwa kijana mpole tu, ana kalamu na karatasi, akauliza, "Nani alimruhusu kushuka peke yake?" Nilikuwa nimemwona kiongozi mwenzangu akinyang'anywa leseni kwa kosa dogo kuliko langu. Nilifikiria nyumba hii, nilifikiria wewe, nilifikiria uso wa mama. Najipamba sasa. Kwa kweli nilijifikiria mimi. Nikasema, "Hakuna aliyemruhusu. Tuliamka hayupo, mzigo kauacha." Msaidizi wangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia, kisha akaangalia viatu vyake. Hakurudi kufanya kazi nami tena. Nilipotoka pale nikafungua daftari, nikaifuta ile "kashuka" kwa wino mpaka karatasi ikatoboka, nikaandika "katoroka."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa jioni moja neno lilikuwa limefika sokoni, limefika kanisani, limefika kilabuni. Kundaeli kautoroka mzigo wa kaka yake. Watu walinionea huruma mimi! Walinipa pole kwa kuaibishwa na mdogo wangu, nami nikapokea pole zao, nikashukuru.

Miaka sita ikapita. Bibi yako akaanza kuugua, akasema hawezi kufa mtoto wake akiwa hana mahali kihambani, kwenye shamba la ukoo. Wazee wakaamua tufanye inavyofanywa kwa mtu asiyepatikana, tuzike mgomba. Ulikuwa na miaka minane, naamini unakumbuka, ila kuna usiyoyajua. Walipotaka kukata shina la kimo chake, walinisimamisha mimi ukutani wanipime, maana mimi na yeye tulilingana. Mzee Ndekirwa akaweka alama kwa panga juu ya kichwa changu. Wakakata, wakauleta, wakaulaza kwenye mkeka. Wakauvika suruali yake ya Jumapili na shati la kwaya.

Ndipo bibi yako akasema, "Na koti lake la mlimani. Asije akasikia baridi." Watu wakanigeukia, mimi ndiye nijuaye mambo ya mlimani. Nikaingia ndani, nikatoka na koti la bluu. Bibi yako akalipapasa mikono yote miwili, akasema, "Kumbe mwanangu alikuwa na koti zuri hivi." Nikasema, "Ndiyo, mama." Mgomba ukavikwa koti ambalo mtu alinyimwa. Tukafunga vifungo mpaka shingoni. Wewe ulikuwa umenishika mkono, ukauliza kwa sauti, "Baba, kwa nini mgomba unavaa koti?" Nikakuminya kidole ili unyamaze. Sidhani unakumbuka hilo, lakini mimi nakumbuka kidole chako kilivyokuwa kidogo.

Jeneza liliposhuka bibi yako aligoma kutupa udongo. Alikuwa anauliza jambo moja tu, kwa lugha yetu, mndu wake yuko wapi. Mtu wake yuko wapi. Alirudia mpaka mchungaji akasimamisha wimbo.

Mwaka uliofuata nilipanda na bibi mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, mwembamba, anatembea taratibu kuliko kinyonga na halalamiki. Jioni moja tunakunywa chai kambini akaniuliza, kwa upole tu, kama najua neno ninalowaitia watu wangu limetoka wapi. Nikamweleza habari zangu za kamba za hema. Alicheka mpaka chai ikamwagika gotini. Halafu akanieleza.

Akasema zamani sana, miaka mia nne na ushei, kwao walimkamata mtu ndani ya chumba cha chini, chini ya bunge, analinda mapipa ya baruti. Yeye na wenzake walitaka kumlipua mfalme na wakubwa wote kwa mpigo mmoja. Akateswa, akauawa. Lakini haikuishia hapo. Kila mwaka, siku ileile, watu wakawa wanawasha moto, na watoto wanatengeneza mtu wa bandia: suruali kuukuu, koti la kutupwa, ndani wamejaza nyasi na matambara. Wanamzungusha mtaani kwenye toroli, wanaombea senti, mwisho wanamtupa motoni. Yule wa bandia wakamwita "guy", kwa jina la kwanza la yule aliyekamatwa. Miaka ikaenda, mtu yeyote aliyevaa hovyo akaitwa jina hilo. Neno likavuka maji mpaka Marekani, huko likaacha ubaya wake, likawa mwanamume yeyote, kisha wanaume wengi, na siku hizi ni watu wowote, hata wasichana. "Ni neno la kirafiki tu sasa," akaniambia, "wala usijisikie vibaya."

Nilimshukuru. Nikainuka, nikaenda nyuma ya mwamba, nikakaa huko mpaka chakula kikapoa. Mpishi wangu akadhani ni mlima umenipiga. Nikaona jinsi nilivyofanya mimi peke yangu, kwa miaka saba, kazi ambayo wao waliifanya kwa miaka mia nne. Nilikuwa na mtu mwenye jina lake, nikamfanya neno la watu kumtukania mtoto, mwisho nikamfanya shina lililovikwa nguo. Na lile la bandia ndilo nililolivika koti.

Asubuhi yake nilisimama mbele ya wagumu, mikono iko tayari kupiga makofi, mdomo ukakataa. Nikaanza kuwaita mmojammoja kwa majina. Watatu sikuwajua majina. Nilikuwa nimetembea nao siku nne, wamenibebea chakula changu, nami sikuwajua. Ile ndiyo safari yangu ya mwisho. Hapa nyumbani nilisema ni magoti. Magoti yangu hayana shida, Aika, ni mazima mpaka leo.

Sasa nije kwako, maana hayo yote ya kwangu ni nafuu. Ulikuwa darasa la tano uliporudi na shati limechanika, umempiga mtoto wa watu kwa sababu alikuita mtoto wa mtoro. Ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Baba, ni kweli baba yangu alitoroka?" Nilikuwa na bakuli la mtori mbele yangu. Nikasema, "Mlima una mambo yake. Kaa ule." Ukakaa, ukala. Tangu siku hiyo nilikuona ukibadilika. Ndoo ukiibeba huitui njiani hata ikikuvunja shingo. Ulifanya mtihani wa kidato cha nne una malaria, unatetemeka, mwalimu anakuambia upumzike, unakataa. Majirani wakanisifu: huyu binti ana bidii, kakulia kwenye mikono mizuri. Mimi nilijua unamkimbia nani. Ulikuwa unamkimbia mtu aliyekubeba mgongoni hadharani watu wakimcheka, aliyefunika mzigo kwa plastiki huku anakufa. Nilikuibia huyo, nikakupa mtoro mahali pake.

Na bibi yako. Siku zake za mwisho nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Akaniambia, "Kunda alikuwa mwoga tangu utotoni, si kosa lake. Mimi nimemsamehe." Nilikuwa na kijiko mkononi. Ningesema hapo angalau mama angekufa akimjua mwanawe. Nikasema, "Ndiyo, mama," nikampa kijiko kingine. Kama kuna moto, mwanangu, mimi nadhani nitachomwa kwa kile kijiko zaidi ya lile koti.

Mama yako nimemwambia jana. Alichukua ndoo akaenda kuteka maji, na pipa lilikuwa limejaa. Leo ndiyo hizo soksi. Sijui akirudi atakuwa na la kuniambia, na sitamharakisha.

Jumamosi nimeita ukoo. Nitasema yote, mbele ya Mzee Ndekirwa na wale wote walioguna Jumapili. Kanisani pia nitasema, nimeshaongea na mchungaji. Wakinitoza ng'ombe, basi huyu alikuwa na sababu ya kulia. Nilitaka ulijue wewe kwanza, kabla yao, kwa sababu wewe ndiye uliyelipa. Na sikutaka upande ndege ukiwa umebeba ile ahadi yako ya Jumapili. "Sitatupa, babu." Huna deni hilo. Mtu uliyeapa kutofanana naye, ungefanana naye ingekuwa heri.

Huko unakokwenda kulea wazee, nasikia watakupa karatasi yenye namba za vyumba. Chumba cha tatu kaoga, chumba cha saba hajala. Sikuhubirii, nani mimi? Nakuonyesha tu mahali nilipoteleza, kama unavyomwonyesha mtu jiwe lenye utelezi. Sikumchukia mdogo wangu. Wala sikuwa mkatili, muulize yeyote. Nilikuwa na haraka, nina orodha, na nimesikia "Tupo!" kubwa ikaniridhisha. Utakapochoka kuliko siku zote, na utachoka, hapo ndipo simama mlangoni pa mtu umwite jina lake, usubiri ajibu mwenyewe. Ukiona anatetemeka, mpe kile ulichonacho mgongoni. Basi, sina zaidi.

Kuna jambo la mwisho. Asubuhi, ulipotoka, nilikwenda mpakani nikakata jani la isale. Unaijua desturi yetu: mtu uliyemkosea ukimpelekea isale, hata kama umemuulia mtoto, hana ruhusa ya kukataa. Atakusamehe, apende asipende. Nililikunja nikalitia ndani ya bahasha hii. Lilikaa humo kama saa moja. Kisha nikalitoa. Ukoo nitawapa isale Jumamosi, nao watanisamehe kwa sababu itawabidi. Wewe sitaki ikubidi.

Gari la kwenda uwanja wa ndege linakuja kesho saa nne. Nitakuwa zizini tangu alfajiri. Ukitaka nikusindikize, niite. Umeniita baba tangu ulipojua kusema, na mwenye jina hilo nilimwacha mlimani. Niite baba, niite baba mkubwa, niite kwa jina langu kavu kama mtu baki wa barabarani. Ukipita kimya, sitakufuata wala sitakulaumu. Ukiita, kwa jina lolote lile, nitaitika.

Mimi,
Aminieli, kaka yake Kundaeli